Kishindo Hataki Kufa

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika ukurasa wa tisa na nimekufa.

Nilikuwa nimesimama jikoni, mswada wako wa sehemu ya mwisho mkononi, maji ya chai yanachemka. Nikasoma: "Sikomi anamshika Kishindo, anamtupa ukutani. Kishindo anapiga ukelele wake wa mwisho, mrefu, wa kupasua mawingu. Kimya. Jabali anaiona maiti. Macho ya Jabali yanawaka." Maji yamekauka, sufuria imeungua, na kilichoungua si sufuria peke yake.

Hebu nieleze polepole, kama unamweleza mtoto. Katuni yetu ina mashujaa wanne. Jabali anabeba majengo. Upepo anakimbia. Kurunzi anawaka kama duka la simu. Na Kishindo, ambaye sauti yake ni yangu, anapiga ukelele hadi kuta zinabomoka. Msimu mzima wanaume wako watatu wamempiga roboti Sikomi kwa ngumi, kwa mateke, kwa umeme na kwa lori zima la kokoto. Kila pigo anajifunza, analirudisha mara mbili, kisha anasema lile neno lake ambalo watoto wanatupigia kelele nalo barabarani: "Nipige tena." Hasimamishiki. Sawa, nimekubali. Lakini umekwama wewe, mwandishi mzima mwenye mvi kifuani, na dawa uliyoiona ni kumuua mwanamke pekee kikosini ili wanaume wapate hasira? Hawana za kwao? Waje hapa, ninazo za kuwagawia.

Halafu anayeniua ni nani? Mume wangu! Umesahau kwamba Sikomi ni shemeji yako, kichwa ndani ya ndoo ya bati ili sauti itoke ya chuma? Nikae naye meza moja asubuhi, mchana aniue kwa ndoo, jioni aniulize tunakula nini?

Usinipigie simu. Ukinipigia utanichekesha, na sitaki kucheka. Andika, uweke kwenye mkoba wa kanda unaokuja na basi.

Dada yako, marehemu mtarajiwa

---

Alhamisi, 6 Machi

Dada yangu ambaye u hai na unaonekana utaendelea,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Kwanza kwa heshima, pili kwa sababu kiti changu kimevunjika mguu. Fundi seremala anasema mbao zilikuwa mbovu. Wifi yako anasema mbao zilikuwa nzuri, ziliwekewa tumbo bovu. Kwa hiyo nipo, dada, nimeegemea dirisha kama mtu anayemsubiri mchumba, nikipigwa na barua yako.

Nina jibu moja tu: hadithi inadai. Unadhani napenda? Mwandishi hachagui nani afe. Yeye ni kama refa, anapuliza filimbi tu halafu anatukanwa. Sikomi hashindiki kwa nguvu, hilo umelisema mwenyewe. Lazima kitu kikubwa kipotee ndipo Jabali apate nguvu asiyoijua. Na kikubwa kuliko Kishindo hakuna. Ichukue kama sifa. Ningemuua Kurunzi, watazamaji wangeenda kununua balbu wakaendelea na maisha.

Tena utapumzika. Umepiga kelele misimu mitatu. Si vibaya sauti nayo ikapata likizo.

Nakuomba mrekodi mapema. Wachoraji wamekaa wanachonga penseli. Unawajua, mswada hawaugusi. Wanasikiliza kanda na kuchora midomo inavyofuata sauti, na kanda isipofika wanaanza kunichora mimi. Jana nimekuta ukutani picha ya kiboko amevaa miwani. Nilicheka, kisha nikaitambua miwani.

Mdogo wako mtiifu

---

Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu,

Kanda hii hapa. Tumerekodi hadi ukurasa wa tisa. Isikilize mwenyewe kabla hujampa mtu.

Dada yako

---

Alhamisi, 13 Machi

Dada yangu,

Ahsante, ahsante, na tena ahsante! Barua fupi, kanda ndefu, ndivyo kazi inavyotakiwa. Niliwaambia hapa: dada yangu hukasirika kama maziwa, yanapanda kwa ghafla, ukiyapuliza yanashuka.

Kanda sijaisikiliza. Unajua udhaifu wangu, kusikia maneno yangu yakisemwa kwangu ni sawa na kujitazama kwenye kioo cha kinyozi. Isitoshe mchoraji mkuu aliupokea mkoba mwenyewe kituoni, na barua yako nimeiona wakati yeye ameshajifungia na kanda na timu yake nzima. Lakini najua umekufa vizuri. Unapoagiza nisikilize mwenyewe, najua umejivunia, na una haki.

Msalimie shemeji. Mwambie ameua kwa ustaarabu.

Mdogo wako mwenye furaha

---

Jumatatu, 17 Machi

Dada,

Leo mchoraji mkuu amepanda ngazi hadi kwangu, jambo ambalo hulifanya mshahara ukichelewa tu. Penseli ameishika kama kisu.

"Mzee, nina swali la kikazi. Sikomi ana mke?"

"Sikomi ni roboti."

"Najua ni roboti, nimemchora mimi. Ana mke?"

"Hana."

"Basi koo analolililia ni la nani?"

Nikashuka naye. Nikakaa kwenye kibao cha kuchorea, nikavaa visikizi, nikasikia.

Kishindo anashikwa. Badala ya ukelele, Kishindo anasema kwa utulivu: "Kabla hujanitupa, nijibu. Nani amekutuma uniue?" Namsikia fundi sauti akikohoa kwa adabu. Kisha ile sauti ya bati, polepole: "Hakuna aliyenituma. Nimeomba mwenyewe."

"Umemwomba nani?"

"Mdogo wako. Nilimpigia simu. Daktari amesema una vijinyama kwenye nyuzi za sauti. Amesema ukiendelea na kelele hizi, sauti inaweza isirudi. Wewe ukasema utamaliza katuni kwanza. Nilishindwa kukuzuia. Nikaona afe huyu, upone wewe."

Kiti kikaburutwa. Mlango ukabamizwa. Fundi sauti akauliza, "Nizime?" Sauti ya bati ikajibu, "Zima."

Wamechora yote, dada. Wanachora wanachosikia. Sikomi, tani tatu za chuma, amesimama katikati ya mji uliobomoka anazungumzia daktari, na wamemwinamisha kichwa. Nisamehe nikisema kwamba amechoreka vizuri. Mchoraji wa mandhari alitoka nje kupenga kamasi.

Basi. Ni kweli. Shemeji alinipigia. Mtu ambaye tangu awe shemeji yangu hajaniambia sentensi ya zaidi ya maneno matano aliongea hadi salio likakatika, na mwishoni alikuwa analia. Ungefanya nini? Nikamuua Kishindo siku ile ile, nikakuambia hadithi inadai. Hadithi haikudai kitu. Ilikuwa imelala zake.

Lakini sasa nimekasirika na mimi, na naomba zamu. Mwezi mzima unajua una ugonjwa kooni, na kwangu unaandika habari za sufuria! Nimekuandikia kelele, ukurasa kwa ukurasa, kila ukelele nimeutungia sifa: mrefu, wa kupasua mawingu, wa kuamsha wafu. Nilikuwa nakukata koo kwa kalamu na wewe unaniachia niendelee! Mimi ni nani kwako, mpangaji? Mama angekuwepo angetuchapa wote wawili, na wewe angekuanza.

Mdogo wako

---

Jumanne, 18 Machi

Shemeji,

Mambo yameharibika. Amehamia chumba cha wageni. Hasemi. Nimemuuliza kosa langu lilikuwa kubwa kiasi gani, ameandika kwenye karatasi: "Koo linapumzika. Si ndivyo mlivyotaka?" Akaibandika kwenye friji.

Nyumba imekuwa kimya hadi friji yenyewe naisikia. Tulizoea kugombana. Kimya sikijui.

Nilidhani nikiongea ndani ya ndoo sitakuwa mimi. Nilikuwa mimi.

Fanya kitu. Wewe ndiye mwenye maneno.

Shemeji yako

---

Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Umekasirika? Hongera. Panga foleni, mimi niko mbele.

Ndiyo, nilikuficha. Nilikuficha kwa sababu wewe nikipiga chafya unaanza kuuliza nguo zangu atapewa nani. Lakini elewa tofauti, kama bado kuna unachoweza kuelewa. Kulificha koo langu ni siri yangu. Kulipangia mambo nyuma yangu ni wizi.

Daktari hakuzungumza na mume wangu, alizungumza na mimi. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni anaviringisha kofia. Mimi ndiye niliyeuliza maswali. Daktari akasema kila ukelele ni kamari. Nikamwambia: umebaki mmoja, wa sehemu ya mwisho, kisha nakuja unikate. Alitikisa kichwa, hakupenda, lakini tarehe akaiandika. Mpango ulikuwepo! Hamkuuliza kama upo. Mmoja ana kalamu, mwingine ana ndoo, mmeitisha kikao cha shingo yangu na mwenye shingo hamkumwalika.

Mume wangu namjua. Akiogopa anafanya upumbavu, halafu anaosha vyombo. Sasa hivi anaosha vyombo visafi. Hasira yangu kwake ina mwisho, nauona kwa mbali. Yako siuoni.

Kwa sababu wewe uliniambia hadithi inadai. Nilikuamini, ewe mjinga! Nilikubishia mchana, usiku nikajiuliza labda ana haki, labda mimi ni mwanamke mwenye wivu na mhusika wa karatasi. Nilianza kumwombolezea Kishindo. Nilisimama mbele ya kioo nikijifunza namna ya kufa vizuri, ili nisiiharibu kazi yako. Kazi! Ulipoandika "likizo" ndipo niliposhtuka. Mtu asiyejua kitu haiandikii sauti ya mwenzake likizo. Ndiyo maana nilimuuliza yeye mbele ya maikrofoni, kwa sababu mezani angekwepa, lakini akiwa Sikomi hajawahi kukwepa.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa tena. Ukiogopa, sema unaogopa. Nitakutukana, kisha tutaendelea.

Sasa sikia, na hili si ombi. Kishindo hafi. Tunarudia kuanzia ukurasa wa tisa. Na anayemsimamisha Sikomi ni Kishindo, si Jabali na macho yake yanayowaka. Kwa njia gani, sijui, nitajua nikiwa pale. Wewe andika hadi anaposhikwa, kisha inua kalamu. Ukiongeza neno moja la kunisaidia, mtatafuta mwanamke mwingine wa kumuua.

Hizo picha za Sikomi aliyeinamisha kichwa zichaneni. Ile haikuwa katuni. Ile ilikuwa nyumba yangu.

Dada yako

---

Jumatatu, 24 Machi

Dada,

Picha zimechanwa. Mchoraji mkuu alizichana mwenyewe, kwa heshima, kama anakunja sanda.

Mswada huu hapa. Ukurasa wa tisa una mistari minne, kisha ni mweupe hadi mwisho. Nimeuandika mara kadhaa na kila mara mkono ulitaka kuongeza: hapa avute pumzi, hapa akumbuke utoto wake. Nikaufungia mkono mfukoni. Hujui mateso ya mwandishi mbele ya karatasi nyeupe anayotakiwa kuiacha nyeupe. Miaka yote nimelipwa kwa kufanya kinyume.

Mwenye studio ameiona. "Hiki ni nini? Mwisho wa msimu ni karatasi tupu?"

"Mwisho anao dada yangu."

"Watoto wanataka ngumi, mzee. Sikomi lazima apigwe!"

"Amepigwa msimu mzima," nikamwambia, "umeona amepungua uzito?" Akapandisha sauti. Na mimi nikapandisha, dada. Mimi! Nikamwambia mswada ni huu, na kama haumfai aandike yeye, nione atakavyomtoa huyo roboti mjini. Wachoraji walisimamisha penseli. Mwenye studio akaondoka akisema tutaona. Nikakaa, na kiti kilichotengenezwa juzi kikavunjika mguu wa pili. Ushindi wangu umeishia sakafuni.

Umesema nikiogopa niseme. Naogopa. Kamari ni kamari, na huo mmoja uliobaki unaweza kuwa ndio wenyewe. Naogopa simu ambayo nitapiga nisikie pumzi tu. Naogopa nikizeeka hakutakuwa na mtu wa kunifokea kwa sauti inayofanana na ya mama.

Kwa hiyo nauliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: wewe unataka nini? Utapiga ukelele, hutapiga? Usinijibu. Nauliza tu ili nawe uwe umeulizwa, hata kama nimechelewa.

Mdogo wako, sakafuni

---

Jumatatu, 31 Machi

Mdogo wangu,

Tumerekodi Ijumaa. Nakuandikia kwa sababu hutaisikiliza kanda, na safari hii nataka ujue kutoka kwangu, si kwa mchoraji.

Nilikuwa nimeupanga ukelele. Nilikuwa nimeutunza kama nguo mpya. Fundi sauti alishusha mitambo yake hadi chini, akavua visikizi, akaziba masikio kwa vidole. Jabali alirudi nyuma hadi ukutani, na Upepo na Kurunzi wakajificha nyuma ya Jabali, ambaye kama unavyojua ni karani mstaafu mwenye kifua cha kuku. Mume wangu akaingiza uso kwenye ndoo. Hakuwa amenigusa wala kuniambia usifanye. Nilimwambia kwenye friji kwamba akisema usifanye nitafanya mara mbili, akaelewa. Alikuwa anatetemeka na ndoo inatetemeka naye. Kwenye kanda kuna kitu kama kijiko kinagonga bati. Msikifute.

Akasema mstari wake. "Nipige tena."

Nikavuta pumzi. Yalikuja yote, mdogo wangu. Kikao chenu, kofia inayoviringishwa, uongo wako kuhusu hadithi, vijinyama vyenyewe, ambavyo navyo havikuniuliza. Kilikuja kishindo ambacho kingevunja vioo vya jengo zima, na kilikuwa changu, na nilikuwa na haki nacho. Nikakifikisha hapa, kooni.

Ndipo nikamtazama. Anasubiri kupigwa. Msimu mzima anasubiri kupigwa, hajui kitu kingine, na kila tukimpa anakua. Nikajiuliza, kwa nini nimpe huyu? Kwa nini huu, ambao huenda ni wa mwisho, nimpe roboti?

Nikasema, kwa sauti ile ninayoombea chumvi mezani: "Kaa chini."

Ndoo ikatulia.

"Nimesema kaa chini. Mji umeuvunja, watu umewatisha, na mimi nimechoka nawe. Kaa."

Hakuwa na mstari. Hukumwandikia. Kila aliyekutana naye alimpiga, hakuna aliyewahi kumwambia afanye nini, na sidhani kama yule aliyemtengeneza alilifikiria jambo hilo. Nikaona magoti ya mume wangu yanakunjika, polepole, moja kisha la pili, hadi akawa amekaa kwenye sakafu ya studio kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Fundi sauti akatoa vidole masikioni. "Ukelele uko wapi?" akauliza. Nikamwambia ninao, hauhusu.

Usije ukadhani nimewatii. Ungekuwa hapa ungeanza kushukuru, ningekupiga na hiyo ndoo. Ningepiga ukelele mngebaki midomo wazi na nisingejuta. Sikupiga kwa sababu sikutaka, na ni mimi niliyesimama pale.

Alhamisi nakwenda kukatwa. Karatasi nimesaini mwenyewe. Mume wangu atabeba begi na atakaa nje, na akianza kulia atalia nje. Baadaye sitasema kwa muda, na daktari hajaniahidi nitarudi na sauti gani. Nikirudi na ya chura, Kishindo atakuwa na sauti ya chura, na wewe utaiandikia. Bado nimekukasirikia. Nikikusamehe nitakujulisha, usiulize ulize.

Mwenye studio akitaka ngumi, mpe anwani yangu.

Na mwambie mchoraji mkuu asikilize vizuri, maana pale hakuna sauti, kuna nguo tu inayogusa sakafu. Asimchore ameanguka. Hakuanguka. Aliambiwa akae, akakaa.

Dada yako